Naomba ushauri: chai ya tangawizi na manjano kwa magoti ya mama

MtotoWaKinole: Wakuu, habari za jioni. Nina wasiwasi tangu juzi, naombeni ushauri.

Mama yangu ana miaka 64, yuko kijijini Kinole, Morogoro. Magoti yanamsumbua mwaka wa tatu sasa, hospitali walisema gegedu zimelika. Akiinuka kwenye kigoda lazima ashike mlango. Mwezi uliopita nikamwanzishia chai, asubuhi na jioni: tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba imepondwa, manjano kijiko cha chai, mdalasini, karafuu tatu, pilipili manga kidogo. Wiki ya kwanza tu kashuka mtoni mwenyewe! Swali langu: aendelee na kipimo hiki au apunguze? Na mchaichai unafaa kuongezwa?

Kijana_wa_Mbagala: Karafuu, mdalasini, pilipili manga… ongeza binzari nyembamba na mchele, mama ale pilau 😂 Natania mkuu, mpe pole.

BiMkubwa_Tanga: Mwanangu, mimi nina miaka 58, goti la kushoto lilinilaza msimu mzima wa masika. Nikatumia majani ya mlonge. Unayakausha kivulini, sio juani, yakivunjika mkononi kama biskuti ndio yako tayari. Ila nikuambie ukweli, mzazi hatunzwi kwa simu. Mara ya mwisho umeenda Kinole lini?

MzeeWaHoja: Umenikumbusha 2011. Nilimpeleka marehemu baba Samunge, Loliondo, kwa Babu, yule mchungaji mstaafu wa dawa ya kikombe. Foleni ya magari huoni mwisho wake, tukalala kwenye gari na baridi yabisi yake. Kikombe shilingi 500, mizizi ya mugariga imechemshwa. Baba alirudi anatembea wima, wiki moja, kisha hali ikawa ileile. Mpaka leo sijui nimlaumu nani, au nishukuru kwa ile wiki.

Nesi_wa_Zamu: Mleta uzi, umesema una wasiwasi tangu juzi, halafu ukauliza habari ya mchaichai. Juzi kulitokea nini? Na mama anatumia dawa gani nyingine?

MtotoWaKinole: Fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Na ana alama nyeusi pajani, hakumbuki kujigonga popote. Dawa anatumia za kawaida tu.

Nesi_wa_Zamu: Za kawaida zipi? Taja majina.

MtotoWaKinole: Sawa. Mwaka jana damu iliganda mguuni, akaanzishiwa warfarini. Sikuitaja kwa sababu najua mngeacha swali langu, kila mtu aseme hospitali, hospitali. Manjano nusu kilo nimeshamwagizia, iko njiani. Na siku anazozidisha chai nilimwambia aruke kidonge, visikutane tumboni. Hivi ni viungo vya jikoni jamani, bibi yetu kavila mpaka uzee wake wote.

Nesi_wa_Zamu: Havihitaji kukutana tumboni. Warfarini inafanya kazi kwenye ini, inazuia vitamini K isitumike kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na kidonge kimoja athari yake inabaki siku kadhaa. Tangawizi na manjano ya kwenye mchuzi sina neno nayo. Ila kwa wingi huo, kila siku, inaweza kuzidisha kutoka damu. Na kurukaruka kidonge ni hatari nyingine: damu inaweza kuganda tena, bonge likapanda mapafuni. Alipima INR lini, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda? Mgonjwa kama yeye kwa kawaida tunataka iwe kati ya 2 na 3.

Na hii ya kushuka mtoni wiki ya kwanza inanitatiza. Manjano haina kasi hiyo. Kuna kingine humo ndani?

Mchunguzi: Wadau, hii ni CHAI, na sizungumzii ya tangawizi. Akaunti imefunguliwa leo. Kwanza mgonjwa, kisha "kashuka mtoni", kesho atatokea mtu na unga wa maajabu na namba ya WhatsApp. Msipoteze muda.

Kijana_wa_Mbagala: Dah, kweli, hata mimi nilishtuka.

BiMkubwa_Tanga: Acheni ajibu kwanza. Mimi ya uongo huwa naisikia, hii siisikii.

MtotoWaKinole: Nimefungua akaunti kwa ajili ya mama. Siuzi kitu. Unga upo, nilinunua mimi mwenyewe Kariakoo, elfu kumi na tano, kwa mtu anayetembeza. Uko kwenye kopo tupu la siagi lililozungushiwa selotepu, juu kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu VIUNGO NA MGONGO 1x2. Rangi ya kahawia, ukiuonja ni mchungu, ulimi unakufa ganzi kidogo. Anaweka kijiko kwenye hiyo chai. Sikuutaja kwa sababu ndio uliomfikisha mtoni. Mnataka nimwambie arudi kushika mlango?

MzeeWaHoja: Sina vita na mitishamba, Muhimbili kuna taasisi nzima inaitafiti, na sheria ya tiba asili ipo tangu 2002. Lakini dawa iliyosajiliwa ina jina la aliyeitengeneza. Hilo kopo limeandikwa jina la nani?

Nesi_wa_Zamu: Unga wa namna hiyo umewahi kupimwa maabara ukakutwa na diklofenaki au deksamethasoni ndani, dawa za hospitali za kutuliza maumivu na uvimbe. Sijui wa kwako una nini, ndio maana kopo lisitupwe, daktari alione. Kama ni diklofenaki, ikichanganyika na warfarini tumbo linaweza kuvuja damu. Mpigie sasa hivi, muulize choo chake kina rangi gani. Usione aibu.

MtotoWaKinole: Nimeongea naye. Cheusi kama lami, tangu Ijumaa. Kasema alidhani ni rangi ya unga. Kliniki yake ni Jumatatu, nitampigia dada ampeleke mapema.

Nesi_wa_Zamu: Usingoje Jumatatu. Usiku huu. Chai asinywe, unga asinywe, na kidonge cha leo asimeze mpaka daktari amwone. Akiona kizunguzungu asisimame peke yake.

MtotoWaKinole: Jirani ana Noah, kakubali kuwashusha mjini. Mama ananiuliza kopo la kazi gani, nimemwambia aliweke kwenye kikapu pamoja na daftari la kliniki. Dada anasema anatembea polepole ila anaongea vizuri.

Mchunguzi: Nisamehe, mkuu. Nipo Msamvu, nina pikipiki. Wakiingia mjini niandikie inbox, niwatangulie mpaka mapokezi.