Safari ya Jumapili: Tigoni, Corner Baridi au Hell's Gate?

Katibu wa Safari
Wanachama wenzangu, safari yetu ya baiskeli ya Julai itaanzia Nairobi kama kawaida, na kamati imebakiza njia tatu: kupanda hadi mashamba ya chai ya Tigoni na Limuru; kupitia Kiserian hadi Corner Baridi, kisha kuteremka kuelekea Olepolos; au kupakia baiskeli kwenye gari hadi Naivasha na kunyonga ndani ya hifadhi ya Hell's Gate. Kwa kuwa baadhi yetu wamenunua baiskeli mwaka huu, naomba kila anayetetea njia aeleze pia jinsi mtu wa mwisho kwenye msafara atakavyorudi nyumbani.

Mkazi wa Redhill
Mimi nasema Tigoni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru inapita 2,200, kwa hiyo kazi ngumu huimaliza wakati wa kwenda, miguu ikiwa na nguvu, na aliyechoka hurudishwa na mteremko. Tupite Redhill, wala si Ruaka na Banana, ambako matatu husimama mbele yako bila taarifa. Isitoshe, ni huko Limuru ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini, mwaka 1903, na sijaona mandhari yanayoizidi.

Gia Moja
Mandhari gani, ndugu yangu, katika Julai? Asubuhi za mwezi huu Limuru hufunikwa na ukungu na manyunyu, lami huteleza, na dereva wa lori hukuona ukiwa tayari umekaribia bampa yake. Corner Baridi kuna upepo mkali, hilo nalikubali, lakini ukishavuka bega la vilima vya Ngong unaingia upande mkavu, na Bonde la Ufa linafunguka lote mbele yako.

Fundi wa Kikuyu
Gia Moja amesema kweli kuhusu ukungu, ila amekwepa swali la Katibu. Njia hiyo ya Corner Baridi, yaani barabara ya Magadi, hukupa mteremko kwanza na kukudai mlima baadaye, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Mgeni hufurahia kasi, anapitiliza Olepolos bila kujua ameshuka kiasi gani, na anayefika Olorgesailie, kwenye yale mashoka ya mawe ya kale, huwa ameshuka takriban mita 1,000 ambazo lazima azipande tena. Bila gari la kufuata nyuma, nisingewapeleka wanafunzi huko. Popote mtakapokwenda, kagueni raba za breki kabla ya Jumapili, na kila mtu abebe tyubu yake, kwa sababu sitatoa yangu.

Mama Wawili
Mzee Fundi, ndiyo maana mimi nataka Hell's Gate. Ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo baiskeli zinaruhusiwa, njia yake kuu haina mlima wa kutisha, na watoto wangu wataona pundamilia na twiga bila kioo cha gari katikati. Nyati wapo pia, kwa hiyo hakuna kutoka njiani ili kupiga picha. Sharti langu ni moja: tusishuke korongoni kama kuna dalili ya mvua, hata iwe mbali, kwa kuwa mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019.

Katibu wa Safari
Dada, hoja yako ni nzuri, lakini usafiri na kiingilio vitawaacha nje wanachama wengi mwezi huu. Tuipange kwa likizo ya Agosti. Jumapili hii ni Tigoni kupitia Redhill. Tutaondoka saa tatu badala ya saa kumi na mbili ili ukungu upungue, taa za nyuma ziwe zinawaka, na Gia Moja ndiye atakayefunga msafara.

Gia Moja
Nimekubali. Nitakuja na koti la mvua.