Soli za ndani kwa mchezaji wa netiboli anayeteguka kifundo mara kwa mara

Kocha_Netiboli:
Wakuu, naomba ushauri. Mchezaji wa nafasi ya WA (winga mshambuliaji) ameteguka kifundo cha kulia mara tatu msimu huu, zote upande wa nje. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika na uvimbe umekwisha, ila akitua au akigeuka ghafla anasema mguu "unamtoroka". Tao la unyayo wake ni la juu: akikanyaga sakafu ya saruji kwa mguu wenye maji, sehemu ya katikati haiachi alama kabisa. Raba zake zimelika ukingo wa nje. Dukani kuna soli za ndani za aina tatu: jeli nene, sponji laini inayobonyea, na ngumu ya plastiki yenye nundu kubwa ya tao. Muuzaji anasisitiza hiyo ya nundu. Inamfaa? Na fundi viatu wa kawaida anaweza kutengeneza?

Tiba_ya_Viungo:
Kocha, ya nundu ndiyo ya kuiogopa zaidi. Imekusudiwa miguu bapa, inayoangukia ndani. Mchezaji wako ana tatizo la kinyume: kisigino chake kimeinama kwa ndani na uzito wake unakaa ukingo wa nje. Ukimnyanyua upande wa tao unamsukuma kulekule anakoteguka. Kumbuka pia kwamba mfundo wa nje wa kifundo, yaani ile nundu ya mfupa, unashuka chini kuliko wa ndani, kwa hiyo mfupa hauzuii sana unyayo usigeukie ndani. Kazi hiyo inabaki kwa ligamenti za nje, yaani nyuzi zinazounganisha mifupa, na zake zimeshavutwa mara tatu.

Jeli na sponji laini zina kosa jingine. Kisigino kinazama bila mpangilio, na kinazama zaidi upande wenye uzito, yaani palepale ambapo raba imelika. Tena zote mbili ni nene, zinainua kisigino hadi kinatoka kwenye ukuta wa nyuma wa kiatu. Kisigino kikiinuka, vidole vinaelekea chini, na katika mkao huo mfupa unaobeba ugoko unakaa kwa ulegevu, kwa sababu nyuma ni mwembamba kuliko mbele. Kifundo kinacheza zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kununua soli "ya kumlinda" na akateguka wiki hiyohiyo.

Kabla ya kutumia pesa, fanya kipimo cha kibao. Tafuta ubao wa unene wa sentimita 2.5. Asimame peku, kisigino na ukingo wote wa nje wa unyayo vikiwa juu ya ubao, upande wa kidole gumba ushuke nje ya ubao uguse sakafu. Wewe kaa nyuma yake utazame kisigino. Kikinyooka, chanzo cha kuinama kiko mbele ya unyayo, na soli iliyotengenezwa vizuri itasaidia. Kikibaki kimeinama vilevile, kisigino chenyewe kimekakamaa. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifupa, asitegemee soli.

Netiboli ina ukali wake. Kanuni ya hatua hairuhusu mguu wa kwanza kutua uinuliwe na kukanyagwa tena huku mpira ukiwa mkononi, kwa hiyo mchezaji anatua, anafunga breki na kujigeuza juu ya mguu mmoja. Soli inayoteleza ndani ya raba hata milimita chache inaonekana hapo mara moja.

Fundi_Raba:
Fundi wa kawaida anaweza, mkuu, ila mwelekeze, asije akakubandikia sponji ya kochi.

Toa soli ya awali ya raba uitumie kama patani. Msingi uwe EVA (povu la plastiki la kutengenezea soli) ngumu ya milimita 3. Ukiibana kwa vidole viwili isibonyee hadi nusu. Ndala kuukuu usikate: imeshalala upande mmoja na utamhamishia mlalo wa mtu mwingine.

Kabari ikae ukingo wa nje, kuanzia nyuma ya kisigino hadi chini ya kifundo cha kidole kidogo. Nje kabisa iwe milimita 3, kisha isagwe kwa msasa ipungue hadi sifuri kwenye mstari wa katikati. Kisigino cha upana wa milimita 60 kikiinuliwa milimita 3 upande mmoja kinapata nyuzi karibu 3, na kwa kuanzia zinatosha. Watu wanakimbilia milimita 6 wakidhani zaidi ni bora, matokeo yake maumivu yanahamia upande wa ndani.

Sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka ni hii: chini ya kifundo cha kidole gumba, pale panapobeba uzito, chonga shimo la kina cha milimita 2. Kwa miguu ya tao la juu hapo pameshuka kuliko pengine. Bila shimo panagonga chini kwanza na kuupindua unyayo wote kwenda nje, na kabari yako inakuwa kazi bure.

Gundi ipake nyembamba pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga. Kabari ikae chini ya msingi, kamwe si juu, la sivyo kingo zake zitamtoa malengelenge. Soli ya awali itolewe. Mbili zikirundikana, kiatu kinakosa nafasi.

Raba yenyewe nayo itazamwe. Bana ukuta wa nyuma kwa kidole gumba: ukikunjika kirahisi, hakuna soli itakayomwokoa. Na kama ni raba ya kukimbilia, yenye soli ndefu laini, aiache kwa mazoezi ya barabarani. Uwanjani avae ya chini, pana, yenye soli bapa.

Mazoezi_Kwanza:
Naongeza jambo ambalo halijasemwa. Kwa mtu aliyekwisha kuteguka, kinga iliyothibitika zaidi ni mazoezi ya usawa na kizuizi cha kifundo, kile kinachofungwa kwa kamba. Soli ni msaidizi wao. Kizuizi nacho kinachukua nafasi ndani ya raba, hivyo vijaribiwe pamoja siku ya kupima.

Mazoezi ni haya: asimame mguu mmoja sekunde 30, mara 3, peku. Akiweza bila kuyumba, afumbe macho, kisha apande juu ya mto. Misuli ya nje ya ugoko aifanyie kazi kwa tyubu ya baiskeli: aifunge kwenye mguu wa meza, aizungushe unyayoni, asukume kwenda nje taratibu na kurudi taratibu zaidi, mara 15, raundi 3. Kuruka na kutua mguu mmoja kuje mwishoni, goti likiwa limekunjwa.

Akiteguka tena na akashindwa kutembea hatua 4, au akiumia ukibonyeza mfupa wa mfundo kwa nyuma au msingi wa mfupa wa kidole kidogo, apigwe eksirei upya. Picha ya zamani haihesabiki.

Kocha_Netiboli:
Asanteni sana. Kibao: kisigino kimenyooka kabisa. Fundi ametengeneza kabari ya milimita 3 na shimo. Ameivaa mazoezi mazima siku ya kwanza, kwa muda wa saa mbili, jioni akalalamika maumivu chini ya mfundo wa ndani. Tuitoe?

Tiba_ya_Viungo:
Usiitoe bado, mmeenda haraka. Avae kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, tena ya kutembea tu, halafu ongeza saa moja kila siku. Kukimbia kuanzia wiki ya pili, kuruka baada ya hapo. Sasa apumzike siku 2 na aanze upya. Maumivu yakirudi palepale, saga kabari ibaki milimita 2. Yakiendelea hata hapo, aonwe.

Fundi_Raba:
Na usiisage kwa kukisia. Chora mstari wa kalamu ubavuni mwa kabari kabla ya msasa, usimame ukiufikia. Mstari huohuo utakuonyesha baadaye EVA ikianza kulala: ukiuona umeshuka upande wa kisigino, tengeneza nyingine.