MREJESHO: Majimoto kwenye mikorosho yangu, Mkuranga

Wakuu, msimu uliopita niliuliza kama kweli majimoto (sisimizi wanaoshona majani kuwa viota juu ya miti) wanazuia mbu wa mikorosho (si mbu wa kawaida, ni mdudu anayefyonza machipukizi), maana machipukizi yangu yalikuwa yananyauka na kuwa meusi. Mlisema nijaribu. Nimejaribu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikata viota kwenye miembe mitatu tofauti nikavitundika pamoja, wakauana vibaya sana. Kumbe kila koloni ina malkia wake, na hawavumiliani. Mzee jirani akaniambia, "Mwanangu, chukua viota vya ukoo mmoja." Nikarudia alfajiri, nikafunga kamba mti hadi mti ili wapite bila kushuka chini, kwa sababu huko sisimizi wadogo wa kahawia huwafukuza.

Miti 12 waliyokaa imechipua vizuri mno, madoa meusi ni ya kutafuta. Viuadudu nimeacha hapo, vingewaua na wao. Ubwiriunga ni ukungu, hawauwezi, kwa hiyo salfa, dawa ya ukungu, naendelea nayo. Kupogolea ndiyo kazi, wanauma kweli. Korosho tunaokota chini, kwa hiyo hapo hawatusumbui.

Asanteni sana. Mwezi ujao nahamishia viota upande wa pili wa shamba.