Kwahiyo "comprised of" ndo imekuwa kosa la jinai siku hizi??

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, makosa ya taipingi mvumilie, na atakayenirekebisha humu namblok hapo hapo.

Yule mtu mnamjua. Kila kazini yupo, kila grupu la WhatsApp yupo, yule wa "samahani naomba nirekebishe kidogo tu". Leo kaniangukia mimi. Ripoti iko kwenye projekta, bosi yupo, wageni wapo, ndo kwanza nasoma sentensi ya mwanzo kabisa, "The committee is comprised of seven members", jamaa akakohoa. AKAKOHOA wakuu! Sio kikohozi cha mafua, kile kikohozi cha mtu aliyeokota kitu. Halafu kainuka, kaja mpaka kwenye laptop yangu bila hodi, kafuta "is", kafuta ile "d" kaweka "s", kafuta "of", herufi moja moja, taratibuuu, kishale kinapepesa na watu wote macho kwenye ukuta.

Eti kamati ndo inacomprise (yaani inajumuisha) wajumbe, haiwezi kuwa comprised of wajumbe. Sibishani na mtu. Kamusi ya Merriam-Webster wenyewe wanasema watu wanalitumia hilo neno kwa maana ya "compose" (kuunda) tangu mwishoni mwa karne ya 18. Karne ya 18! Wameandika weee mpaka wakafa na hakuna aliyewakoholea.

Angeongea ningemjibu, ila kikohozi unakijibuje? Ripoti nzima inahusu hela ambazo hazionekani, hakuna aliyeuliza hela zimeenda wapi, wote wamekomaa na "of". Bosi kamwambia asante kwa umakini. Umakini!! Mtu kakohoa tu jamani!

MzeeWaKoma: Pole mkuu ila jamaa yuko sahihi 😂😂 Kitu kizima ndo kinacomprise vipande vyake. "The United Kingdom comprises England, Scotland, Wales and Northern Ireland", imeisha hiyo. Vipande vikitangulia unaweka compose. Ungeandika "consists of" saa hizi ungekuwa umelala zako.

Mleta uzi: Kwahiyo "of" akienda kwa consist anapewa na kiti, akija kwa comprise anafukuzwa kama kibaka? Nani kapitisha hiyo sheria? Na kama ndo hivyo si angesema hivyo, kukohoa kwa nini?

Shangazi_Mkavu: Mi nimesoma uzi wote natafuta hela zimeenda wapi

BwanaKamusi: Wadau, neno limepita Kifaransa ila mizizi yake ni Kilatini, comprehendere, yaani kushika kwa pamoja. Ndo maana mzima anakumbatia vipande, vipande havimkumbatii mzima. Ila wakali wa lugha nao wanalegea, jopo la kamusi ya American Heritage miaka ya 1960 asilimia 53 walikuwa wanaikataa comprised of, mwaka 2011 wamebaki 32. Mleta uzi vuta subira tu, wanaisha hao.

Shangazi_Mkavu: BwanaKamusi nani kakuuliza lakini

KobeMbio: Mleta uzi shukuru umepata wa kukohoa. Kuna mhariri mmoja wa Wikipedia, kufikia 2015 alishaiondoa hiyo comprised of zaidi ya mara 40,000. Peke yake, na hakuna anayemlipa. Huyo angeiona ripoti yako wangemtoa kwa machela.

Mleta uzi: Unanichekea mkuu? Mtu kasimama kakohoa mbele ya wageni unanichekea??

KobeMbio: Mkuu alikohoa mara ngapi, maana kila komenti anakohoa upya 🤣

TotoTundu: Nyie mnalia na comprise, kazini kwetu kuna mtu anaandika "including" halafu anataja watu wooote mpaka wa mwisho, halafu mwishoni anaweka "etc". Etc nani tena mama, si wameisha!

MzeeWaKoma: Hahaha huyo kachanganya mafaili, include ni ya kutaja baadhi, ukitaja wote ndo unaleta comprise. Ila bora huyo, mimi nina wa "revert back", wakati revert yenyewe tayari ni kurudi. Kila imeili. Nikiiona presha inapanda.

Shangazi_Mkavu: Na "discuss about" je? Nikikaa kikaoni mtu akasema let's discuss about, mimi akili inatoka nje inaniacha nimekaa na daftari.

TotoTundu: Ngoja kwanza, discuss about ina shida gani? Si ndo inavyosemwa?

Shangazi_Mkavu: Mungu wangu, kumbe tunaishi nao humu humu

BwanaKamusi: TotoTundu, discuss haihitaji about, ile "kuhusu" imeshameza humo ndani

TotoTundu: Imeimeza lini? Mbona "talk about" haijaimeza? Mnajitungia tu nyie

Mleta uzi: Jamani tulikuwa kwenye comprise

KobeMbio: Mkuu kaa pembeni kidogo, huyu wa discuss about tummalize kwanza. TotoTundu, na "advices" yenye s isiyotakiwa nayo unaandikaga?

TotoTundu: Kila siku, tena na s mbili nikiwa na haraka