Creedence Clearwater Revival: Chronicle, boksi la CD 6 au boksi la santuri 7?

Mwambao_Sauti:
Habari zenu wakuu. Nataka mkusanyiko mmoja wa CCR (Creedence Clearwater Revival, bendi ya roki ya Marekani) wa kunitosha, kuanzia walipoanza hadi walipoachana 1972. Nimeona Chronicle ya 1976 (mkusanyiko wa vibao vyao), boksi la CD 6 la 2001, na boksi la santuri la 2018 lenye albamu zote saba. Binamu yangu anarudi kutoka Minneapolis Desemba na amekubali kunibebea. Nichukue lipi?

FundiSindano:
Mkuu, umeleta swali nusu. Una mashine ya santuri? Aina gani? Una pleya ya CD au unasikilizia simu? Bajeti? Na binamu amebakiwa na kilo ngapi kwenye mzigo? Boksi la santuri saba, pamoja na majalada na kitabu chake, mkadirie kilo 3 hadi 4.

Kisauni_Besi:
Wakati tunamsubiri, mimi nasema Chronicle na mjadala ufungwe. Nyimbo 20, karibu zote zimepangwa kwa mfuatano wa jinsi singo (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) zilivyotoka, kuanzia Suzie Q hadi Someday Never Comes. Ukiisikiliza moja kwa moja unaisikia bendi ikikua. Ni mikusanyiko michache sana inayosikika kama albamu iliyokusudiwa, na huu ni mmojawapo.

DadaRekodi:
Kaka Kisauni, Chronicle ni nzuri lakini aliyeuliza anataka safari nzima. Hebu tuhesabu. Albamu saba za studio zina nyimbo 65, Chronicle imechukua 20. Ukizigawa kwa albamu: ya kwanza ya 1968 imetoa mbili, Bayou Country moja tu (Proud Mary), Green River nne, Willy and the Poor Boys mbili, Cosmo's Factory saba, Pendulum mbili, Mardi Gras mbili.

Maana yake, mwenye Chronicle tayari anazo nyimbo saba kati ya 11 za Cosmo's Factory, lakini Bayou Country ni kama hajaigusa. Born on the Bayou, iliyokuwa upande wa pili wa singo ya Proud Mary, haimo. Utaielezaje bendi hii bila Born on the Bayou? Lile gitaa la mwanzo, lenye mtikisiko ule wa amplifaya, ndilo lililowapa jina la watu wa vinamasi vya kusini mwa Marekani, wakati wote wanne ni vijana wa El Cerrito, California.

Kisauni_Besi:
Born on the Bayou imo kwenye Chronicle ya pili ya 1986. Achukue zote mbili, apate nyimbo 40.

DadaRekodi:
Hata akichukua zote mbili, Ramble Tamble hana, Keep on Chooglin' hana, Effigy hana. Hizo ndizo nyimbo ndefu ambazo bendi inajiachia. Ukizikosa utadhani CCR ilikuwa mashine ya nyimbo za dakika mbili na nusu.

FundiSindano:
Na kuhusu urefu, atazame dakika kabla ya kulipa. Suzie Q ya albamu ina dakika 8 na sekunde 37. Kwenye singo iliwabidi waikate vipande viwili, na Chronicle imebeba kipande cha kwanza, 4:37, kinachofifia wakati gitaa ndiyo kwanza linachangamka. I Heard It Through the Grapevine ndiyo inayowachanganya wengi: Chronicle ya santuri ya mwanzo ina ile fupi ya 3:53, lakini kuna CD za Chronicle zenye ile ya dakika 11. Njia rahisi: soma jumla ya muda. Ikiwa kama dakika 61, umepata fupi. Ikiwa kama 68, umepata ndefu.

Mwambao_Sauti:
Asanteni sana. Mashine ya santuri ninayo, ile ya begi, imejengewa spika. CD nasikilizia redio ya zamani ya mezani. Bajeti naomba isizidi dola 100.

FundiSindano:
Umeona sasa? Hilo ndilo lingetangulia. Mashine nyingi za begi zina kichwa (kile kinachoshika sindano) cha seramiki kinachokandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, wakati vichwa vingi vya sumaku hufanya kazi kwenye gramu 2. Boksi la 2018 lilichongwa kwa nusu mwendo na fundi Miles Showell pale studio za Abbey Road: rekodi inachezwa nusu ya kasi na mashine ya kuchonga nayo nusu, ili kichwa cha kuchongea kipate nafasi ya kuchora vizuri sauti za juu. Sauti hizo za juu ndizo za kwanza kusagwa na sindano nzito ya duara, hasa karibu na katikati ya santuri ambako mawimbi ya sauti ndani ya mfereji yamebanana. Unalipia ubora ambao mashine yako itaufuta.

Na kwa dola 100, boksi hilo likiwa jipya usilihesabu. Labda upate Chronicle ya santuri. Ni santuri mbili, pande nne, wastani wa dakika 15 kila upande, kwa hiyo haikubanwa.

Tenga78:
Mtumba pia upo jamani, msimtishe mwenzetu.

FundiSindano:
Mtumba upo, ila nieleze kilicholetwa kwenye meza yangu, maana ndicho kitakachomkuta. Ilikuwa Chronicle ya santuri, muuzaji wa mtandaoni aliiandika "safi kabisa". Jalada kweli safi. Ndani, santuri ya kwanza imepinda kwa mawimbi, kingo zimeinuka hapa na kushuka pale. Huo ni upindaji wa joto: plastiki ya santuri huanza kulegea ikifika kama nyuzi 55 hadi 60, na gari lililofungwa vioo juani hufika huko. Kila mzunguko sindano inapanda na kushuka, sauti ya mwimbaji wao John Fogerty inayumba, na kwenye Commotion sindano inaruka kabisa.

Ya pili ilikuwa na ukungu mweupe. Hapa kuna aina mbili. Ukungu wa unyevu unaota kama madoa ya nyota na unatoka. Ukungu wa mfuko wa plastiki laini ni kama pumzi kwenye kioo, na ule hautoki, kemikali za mfuko zimeshaula uso wa santuri. Hii ilikuwa na aina zote mbili. Dawa ya ule wa kwanza: maji ya betri yasiyo na asidi mililita 800, spiriti ya isopropili mililita 200, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Paka kwa brashi laini ukifuata mifereji, usikatize. Suuza kwa maji ya betri matupu, simamisha kivulini ikauke. Usifanye hivyo kwa zile santuri nzito za kasi 78, spiriti inaziharibu.

Upande mmoja ulirudi vizuri. Pande tatu zilikuwa za kutupa. Kwa hiyo kabla hajalipa, aombe picha ya santuri ikiwa imelazwa juu ya kioo, ipigwe kutoka ubavuni. Muuzaji akikataa, aachane naye.

DadaRekodi:
Ndiyo maana nasema boksi la CD 6. Diski ya kwanza ina rekodi za Blue Velvets na Golliwogs, yaani bendi ileile kabla haijaitwa CCR. Utamsikia Tom Fogerty akiimba, kabla mdogo wake John hajashika usukani wote. Kisha albamu zote saba, kisha maonyesho ya jukwaani.

Kisauni_Besi:
Diski ya kwanza wengi huisikiliza mara moja tu, dada.

DadaRekodi:
Sikubaliani. Bila Golliwogs huelewi kwa nini Walk on the Water ipo kwenye albamu ya kwanza. Waliirudia kutoka huko.

Tenga78:
Boksi lina ile rekodi ya jukwaani ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London?

Kisauni_Besi:
Hapa watu hupotea. Albamu ya jukwaani iliyotoka 1980 iliandikwa Royal Albert Hall, kumbe mkanda ulikuwa wa Oakland, 31 Januari 1970. Ikabadilishwa jina ikawa The Concert, na hiyo ndiyo iliyo kwenye boksi. Royal Albert Hall yenyewe, ya Aprili 1970, imetolewa 2022. Ya tamasha la Woodstock nayo imetolewa 2019. Zote mbili hazimo kwenye boksi la 2001, haziwezi kuwamo.

Tenga78:
Na ile mpya ya John Fogerty ya 2025, Legacy? Nimeiona nayo ina nyimbo 20, nyingi ni hizihizi.

DadaRekodi:
Nyimbo za CCR, lakini amezirekodi upya na wanawe. Ni kazi ya heshima, ukizingatia alivyohangaika miaka mingi hadi 2023 alipopata sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake. Ila Doug Clifford hayupo kwenye dramu, Stu Cook hayupo kwenye besi, Tom alifariki 1990. Anayetaka bendi asichukue hiyo. Na ajihadhari na Creedence Clearwater Revisited: hao walikuwa Stu na Doug na mwimbaji mwingine, Recollection ya 1998 ni ya jukwaani. Majina yanafanana, mtu anabonyeza tu.

Kisauni_Besi:
Ila tuseme ukweli, hata hizo albamu saba si zote za kununuliwa. Mardi Gras waliigawana kutunga na kuimba baada ya Tom kuondoka, na inasikika.

DadaRekodi:
Someday Never Comes iko pale. Wimbo mmoja kama huo unatosha kuibeba albamu. Na Pendulum je? Kinanda, saksofoni, nyimbo zote 10 za John, hakuna hata mmoja wa kuazima.

Kisauni_Besi:
Pendulum inaisha na Rude Awakening #2, dakika sita za kelele.

DadaRekodi:
Dakika sita za bendi kujaribu kitu kipya! Isikilize kwa utulivu usiku.

Mwambao_Sauti:
Wakuu, naona nimewasha moto. Nikibadilisha kichwa cha mashine ya begi, santuri zitakuwa salama?

FundiSindano:
Inategemea mkono wake. Nyingi hazina uzito wa kurekebisha nyuma, kwa hiyo hata ukiweka kichwa kizuri huwezi kushusha zile gramu. Geuza mkono, piga picha chini ya kichwa na nyuma ya mkono, weka hapa. Na useme redio yako inasoma CD za kuchoma au za kiwandani tu.