Roboti la kudeki la Mama

Kikundi: FAMILIA YA KISASA, DODOMA
Jumamosi

Dada Rehema: Shikamoo Mama. Shikamoo Shangazi, Baba Mdogo. Wengine habari za asubuhi. Jana daktari karudia yale yale, Mama asipige magoti kudeki. Na Tatu anayemsaidia kazi za nyumbani akianza ushonaji chuo cha VETA, asubuhi hatakuwepo. Mimi naona tumnunulie Mama roboti la kudeki. Mnasemaje?

Mama: Marahaba. Mbona mnanijadili kama sipo

Dada Rehema: Upo Mama, ndiyo maana tunayasemea hapa 😂

Baba Mdogo Yona: Mbukwenyi! Roboti Dodoma hii? Vumbi litalimeza lenyewe.

Shangazi Eliwaza: Sisi tumedeki kwa tambara na ndoo na bado tupo. Hela hiyo si mnunue mbuzi.

Elia: Shangazi, mbuzi hadeki.

Wifi Anna: Jamani mwenye nalo nyumbani ni mimi. Ngojeni nianike nguo nawaeleza.

Elia: Kweli muulizeni yeye. Mimi kazi yangu ni kulikwaa tu.

Wifi Anna: Haya. Roboti la kudeki halisugui uchafu ulioganda. Uji uliokaukia chini ya meza tangu juzi litaupitia na utabaki pale pale. Kazi yake ni sakafu isifike huko. Linapita kila siku, linaokota vumbi la leo, linafuta. Ukilipa sakafu ya wiki nzima linakuchorea michirizi tu.

Na kwa hapa kwetu vumbi ndiyo habari yenyewe. Lile jekundu laini la kiangazi, hata ufunge madirisha linaingia. Likikutana na kitambaa chenye maji kabla halijafyonzwa ni tope. Mengi yanakuja yametegeshwa yafyonze na kufuta kwa mpigo mmoja. Kwangu siku za upepo likafanya hivyo korido nzima, mistari ya kahawia kutoka sebuleni hadi mlango wa choo, na tope likazama kwenye grauti za marumaru. Dawa yake iko kwenye programu ya simu: unachagua lifyonze nyumba yote kwanza, likimaliza ndiyo linaanza kudeki. Inachukua muda mrefu zaidi lakini ndiyo njia pekee kwa Dodoma. Likiwa la kudeki tu lisilofyonza, msinunue.

Baba Mdogo Yona: Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu vumbi.

Wifi Anna: Nusu, Baba 😄

Mama: Na LUKU je. Mimi uniti zangu nazihesabu

Nyemo: Shikamoo Bibi. Umeme usikutishe. Betri kubwa za haya maroboti ni volti 14.4 na mAh 5200. Ukizidisha unapata wati-saa 75 hivi. Uniti moja ni wati-saa 1000. Maana yake hata ulichaji kutoka sifuri mara 10, ndiyo kwanza linaikaribia uniti 1. Kinachokula umeme ni kile kituo chake, kama kinachemsha maji na kupuliza hewa ya moto.

Mama: Marahaba mjukuu wangu. Kituo ndiyo nini

Nyemo: Nyumba yake Bibi. Linarudi lenyewe kuchaji. Vile vya bei vina matenki mawili, la maji safi na la maji machafu, na vinafua vitambaa vyenyewe.

Elia: Mimi nasema tuchukue hicho chenye kila kitu. Maji moto, hewa moto, kila kitu.

Wifi Anna: Baba Joshua subiri kwanza. Kufua vitambaa, ndiyo, hapo lipeni. Bila kituo kinachofua, kila siku mtu ainame achomoe vitambaa, akavifue kwenye beseni, avirudishe. Sasa magoti ya Mama tutakuwa tumeyasaidia nini? Lakini hewa ya moto ya kukaushia ni ya nchi zenye unyevunyevu, huko vitambaa visipokaushwa vinanuka. Hapa Tatu jioni akivichomoa akavitundika kwenye kamba, kwa hewa hii kavu vinakauka upesi sana. Hela ya kukaushia tuweke kwenye akiba ya vitambaa, brashi na filta.

Dada Rehema: Wifi hapo umenena.

Wifi Anna: Tenki la maji machafu nalo halijimwagi. Lisipomwagwa siku mbili utasema kuna panya amefia ndani.

Baba Mdogo Yona: [Picha] Hili hapa. Kuna mtu analeta mzigo kutoka Marekani, bei nusu kabisa!!

Nyemo: Babu kuza picha ya lebo ya kituo. Imeandikwa 120V. Kwetu ni 230V. Ukichomeka tu unaunguza, labda ununue na transfoma, na hiyo nusu ya bei ndiyo inaishia hapo.

Baba Mdogo Yona: Ujumbe huu umefutwa

Nyemo: 😂😂 Na yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China, umeme wake hauna shida, ni volti 220, unahitaji adapta ya plagi tu. Ila mengi programu yake inataka useme uko China, na linaongea Kichina. Ulizeni muuzaji kama ni toleo la kimataifa.

Shangazi Eliwaza: Lina jicho?

Nyemo: Mengine yana kamera Shangazi Bibi.

Shangazi Eliwaza: Basi mimi nikija hapo kulala sitaki kuangaliwa natoka kuoga.

Elia: Shangazi nani akuangalie jamani 😂

Nyemo: Mjomba usicheke. 2022 iliripotiwa kuwa picha zilizopigwa na maroboti ya majaribio ya iRobot, wale watengenezaji wa Roomba, zilivuja mtandaoni. Moja ilikuwa ya mwanamke akiwa chooni. Walikuwa watu waliokubali kujaribu, lakini sidhani walikubali hilo. Kuna yanayojiongoza kwa leza, yana kimnara kidogo juu kinachozunguka kupima kuta. Lisilo na kamera linapima tu, halipigi picha, na linafanya kazi hata gizani. Mimi nachagua hilo.

Shangazi Eliwaza: Mmeona.

Mama: La leza. Limepita hilo

Elia: Nimepita kwa Mama sasa hivi na futi. Kizingiti cha kati ya sebule na jiko sm 3. Chini ya kochi kubwa sm 9.

Nyemo: Yote mawili ni tatizo. Mengi yanavuka kizingiti cha kama sm 2. Na lile lenye kimnara linafika karibu sm 10 kwa urefu, chini ya kochi halitaingia.

Elia: Kochi naweka vigingi vya mbao, jambo la dakika tano. Kizingiti namwita fundi akiwekee mteremko wa sementi pande zote mbili.

Wifi Anna: Halafu kuna ule urembo mweusi katikati ya sebule ya Mama. Chini ya roboti kuna vijicho vya mwanga vinavyoangalia kama kuna shimo, lisianguke kwenye ngazi. Mwanga ukipiga kwenye marumaru nyeusi haurudi vizuri, basi linadhani ni shimo. Linafika ukingoni linageuza.

Elia: Mengine ukiviziba kwa karatasi nyeupe linapita.

Wifi Anna: Likipita hapo litapita na ngazi za veranda pia. Usimfundishe Mama hayo.

Dada Rehema: Tubadilishe marumaru hizo basi?

Mama: Ule urembo Baba yenu aliupanga kwa mkono wake. Hauguswi

Elia: Hauguswi Mama.

Wifi Anna: Pale pachorwe kwenye ramani ya programu kama sehemu ya kukwepa, na Tatu anapapitisha dekio la mpini mrefu akirudi. Ni padogo.

Mama: Huyu Tatu kasimama begani kwangu anasoma. Anauliza ndiyo anafukuzwa

Dada Rehema: Tatu mwanangu, hapana kabisa! Wewe ndiye utakayelisimamia, na ndiye tuliyekulipia VETA. Linafanya kazi ukiwa darasani, basi.

Mama: Ametabasamu. Anauliza kama linaweza kufagia uwanja

Elia: 😂😂😂 Uwanja bado ni wake.

Baba Mdogo Yona: [Ujumbe wa sauti, 3:41]

Dada Rehema: Baba Mdogo tuandikie, nipo kwenye daladala.

Baba Mdogo Yona: Nimesema hivi, maji. Maji ya hapo ni ya chumvi.

Wifi Anna: Baba sasa hapo umegusa penyewe. Angalieni birika lolote la Dodoma, ule ukoko mweupe. Huo huo unaziba vitundu na pampu ndogo ya roboti, maji yanaanza kutoka upande mmoja tu. Mimi tenki la maji safi naweka maji ya mvua niliyochuja, yakiisha nachanganya na ya kunywa ya dukani. Halitumii mengi. Mara moja moja nasuuza tenki kwa siki iliyozimuliwa, kitabu cha langu kinaruhusu, halafu nalisuuza tena kwa maji mengi. Siki isiende sakafuni kwenye terazo au sementi, inakula chokaa, sakafu inapoteza mng'ao.

Na jiki HAPANA ndani ya tenki. Inaharibu raba za ndani. Jiki na siki ndiyo kabisa msizikutanishe, zinatoa gesi ya klorini, utakohoa mpaka utoke nje. Sabuni ya unga pia hapana, povu linajaa kwenye mashine.

Shangazi Eliwaza: Kumbe lina masharti kuliko mkwe.

Wifi Anna: 😂 Shangazi!

Mama: Sinunuliwi kitu sijakiona. Kesho baada ya ibada nakuja kwako Anna

Wifi Anna: Karibu sana Mama, njoo na Tatu.

Jumapili jioni

Mama: NIMELIONA

Dada Rehema: Haya Mama, tupe ripoti.

Mama: Ni la duara. Kona zote limeziacha. Nimepitisha leso nyeupe nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, imetoka nyekundu. Katikati ya sebule nimepitisha, imetoka safi. Chini ya kitanda cha Joshua pia safi, na hapo mimi sijawahi kuona mtu anadeki

Wifi Anna: Mama umenianika kwenye kikundi 😂 Ni kweli kona linaacha. Kuna yenye kitambaa kinachochomoza pembeni, yanafika karibu zaidi na ukuta, lakini kona yenyewe bado ni ya mkono, hata mara moja kwa wiki.

Mama: Tena lilimeza ncha ya kanga yangu. Nilikuwa nimekaa, likaja mpaka miguuni. Tatu akalizima

Elia: Kwangu linameza waya za chaja. Kabla halijaanza lazima sakafu iokotwe vitu vyote. Soksi, waya, mkeka unakunjwa.

Mama: Nikiinama kuokota vitu si yale yale ya magoti

Dada Rehema: Mama hoja.

Nyemo: Tatu aokote usiku kabla ya kulala, Bibi. Lianze saa tatu asubuhi wakati wewe upo bustanini. Ukilipangia saa linaanza lenyewe. Kitu kimoja cha ruta, wakati wa kuliunganisha tumieni waifai ya 2.4 GHz. Mengi hayaioni ya 5, watu wanahangaika siku nzima wakidhani ni bovu.

Shangazi Eliwaza: Umeme ukikatika katikati?

Nyemo: Linaendelea kwa betri. Likimaliza likakuta kituo hakina umeme linaweza kushindwa kukiona, mtu alipeleke kwa mkono. Waifai ikizima una kitufe juu yake, unabonyeza linaanza.

Mama: Kitufe ndiyo nimekipenda. Hayo ya simu fanyeni nyie

Wifi Anna: Na filta Tatu aikung'ute nje, upande upepo unakoelekea, siku za vumbi kila siku. Hiyo ndiyo inaua nguvu ya kufyonza. Wauzaji watawaimbia paskali, kipimo cha hiyo nguvu, elfu hizi na elfu zile, kwa marumaru tupu bila zulia nene hamhitaji namba kubwa, filta ikiziba hata ya namba kubwa haivuti. Ikiwa ni ya kuoshwa, ikauke saa 24 kabla ya kurudishwa.

Baba Mdogo Yona: Na chumba cha nyuma cha sementi?

Wifi Anna: Kile hapana, Baba. Sementi tupu inakunywa maji na inachana vitambaa. Mlango ufungwe.

Dada Rehema: Basi naandika, nikienda Kariakoo nisisahau. Leza bila kamera. Kituo kinachofua vitambaa, kukausha si lazima. Volti 220 mpaka 240. Linafyonza kwanza ndipo lideki. Lugha ya Kiingereza angalau. Na kabla sijalipa naonyeshwa vitambaa, filta na brashi za akiba zikiwa dukani, siyo "tutaagiza".

Elia: Ongeza waliwashe mbele yako, lizunguke.

Dada Rehema: Naam. Nikilipata naja nalo Ijumaa kwa treni ya SGR. Sasa michango. Mimi nimeshaweka. Elia na Anna wameweka. Nyemo ameweka ya mwanafunzi. Shangazi ameahidi. Baba Mdogo?

Baba Mdogo Yona: Mtandao huku Mpwapwa unasumbua kidogo

Elia: Baba Mdogo jana umetuma sauti ya dakika tatu na nusu.

Baba Mdogo Yona: Sawa sawa, kesho asubuhi.

Elia: Mama, fundi wa kizingiti nimeongea naye, anakuja Jumatano saa mbili.

Mama: Aje saa tano. Asubuhi nina kliniki, na Tatu ananisindikiza