Wauza mbwa mnaodanganya umri na chanjo, mnatuumizia watoto

Wakuu, nimeandika huu uzi nikaufuta mara tatu kwa hasira. Sasa nauacha ulivyo.

Wiki tatu zilizopita nilinunua mtoto wa mbwa kwa jamaa mmoja hapa Dar. German Shepherd, miezi 3, kachanjwa zote, laki nne na nusu. Tangu kwenye simu nilimweleza: nina watoto wawili, mmoja miaka 9, mwingine miaka 4, na mama yangu mzazi anatembelea mkongojo. Nataka mbwa wa kukaa na watu, akibweka usiku inatosha. Jamaa hakuuliza chochote juu ya hao watoto. Hakuuliza kama nina ukuta, nani anashinda nyumbani mchana, nani atamtembeza. Alichouliza ni kama natuma kwa simu au naleta taslimu.

Akanipa na kadi ya chanjo. Ninayo hapa mbele yangu. Tarehe tatu tofauti, mwandiko mmoja, kalamu moja ya bluu. Haina mhuri wala saini. Sikujua wakati ule kwamba daktari wa mifugo akichanja hubandua karatasi ya kichupa cha dawa na kuibandika kwenye kadi. Nimekuja kuyajua hayo mbwa akiwa hoi mezani.

Maana siku ya nne tu alisusa uji. Usiku akatapika povu, kisha akaanza kuharisha damu, na ile harufu aliyewahi kuisikia anaijua. Asubuhi nikamkimbiza kwa daktari. Akampanua mdomo, akaniita nione mwenyewe: magego ya utoto ndiyo kwanza yanachomoza kwenye fizi. "Huyu ana wiki tano, zikizidi sana sita." Mtoto wa mbwa hatenganishwi na mama yake kabla ya wiki nane, jamani! Kipimo kikaonyesha parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu. Aliwekewa dripu siku mbili, akafa.

Kilichonitoa machozi si pesa. Ule usiku wa kutapika, binti yangu wa miaka 9 alitandika mkeka mlangoni pa stoo, hakukubali kuingia ndani. Alikuwa anamnywesha maji kwa kijiko, kale kambwa kakamng'ata kidole. Meno ya utoto ni makali kama sindano, damu ikatoka. Sisi tukaona ni mkwaruzo tu. Daktari aliposikia aliacha alichokuwa anafanya, akauliza ameng'atwa lini. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mbwa akifikisha miezi 3. Wa wiki tano hajachanjwa, kadi iseme itakavyo. Na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, anayepona karibu hakuna. Tukaambiwa tuoshe kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja. Mwanangu yuko kwenye sindano mpaka leo kwa sababu mtu mzima aliandika uongo kwenye kadi!

Nikampigia muuzaji. Eti nimemlisha vibaya. Parvo mara nyingi huchukua siku 3 hadi 7 tangu mbwa aambukizwe mpaka dalili zionekane, kwa hiyo kuna kila dalili kwamba alitoka nayo kwake. Kisha akasema ataniletea mwingine kwa nusu bei. Amlete kwenye ua uleule, wakati virusi hivyo vinakaa kwenye udongo miezi mingi? Huyo naye angekufa, na binti yangu angemzika wa pili. Nilipokataa, akanitumia picha ya Boerboel wa mwaka mmoja, "huyu haugui bosi". Mbwa aliyezalishwa na makaburu Afrika Kusini alinde mashamba, dume lake linapita kilo 60, ndiye akae na mtoto wa miaka 4 na bibi wa mkongojo! Nilimweleza nyumba yangu ilivyo, hakusikia neno.

Kosa langu nalijua. Sikudai kumwona mama wa yule mtoto wala mahali alipozaliwa, na muuzaji alipoleta mbwa ndani ya boksi kituo cha daladala nilipaswa kuondoka palepale. Daktari amenishauri nikae miezi kadhaa bila mbwa, nisafishe sakafu za saruji kwa dawa ya klorini, na nikirudi nitafute mbwa mkubwa aliyemaliza chanjo na aliyezoea watoto, hata awe wa kienyeji. Hayo yote muuzaji mwenye utu angeniambia kabla ya kupokea hela.

Leo asubuhi nimeliona tangazo lake, picha ileile ya watoto sita ndani ya beseni la kijani, "miezi 3, wamechanjwa". Mmoja wa hao sita ndiye niliyemzika. Kama umechukua mmoja kutoka kwenye beseni hilo, mpeleke kwa daktari leo, na kama amemng'ata mtoto, mpeleke na mtoto hospitali.